Saini Chini ya Kobe Saba

Mtaani kwao walimwita Mama Kifungu, na jina hilo alilipatia kwenye foleni ya maji. Kuna mtu aliruka foleni akiwa na ndoo mbili, na wakati wengine wanaanza kupandisha sauti, yeye akamuuliza kwa upole, "Unapita kwa kifungu gani, ndugu yangu?" Yule mtu akazitazama ndoo zake, akarudi nazo nyuma. Tangu siku hiyo hata watoto wa jirani, mpira wao ukiangukia uani kwake, walikuwa wakigonga mlango na kusema wamekuja kwa kifungu cha mpira.

Kazi yake wengi hawakuielewa. Walijua ni wakili wa serikali, basi wakawa wanamletea habari za mipaka ya viwanja na ndoa zilizovunjika. Lakini meza yake ilikuwa ghorofa ya kwanza katika ofisi ya uvuvi, juu kidogo ya chumba cha kupimia nyavu, na kwa miaka kumi na tisa kila faili lililopita pale lilikuwa limetoka majini. Askari wa doria alimpigia simu kabla hajafungua macho vizuri, akimuuliza kama ana ruhusa ya kupanda kwenye boti ya mtu au asimame tu pembeni na kuuliza maswali. Kanuni za msimu wa kufunga pweza aliziandika yeye. Ukubwa wa tundu la wavu alikuwa akiupima kwa vidole tu, na mara nyingi kipimo cha chuma kilikuja kumuunga mkono.

Na kila walipokuja maafisa wapya, aliwashusha chini, akaweka mezani magamba mawili makavu. Moja limeinuka kama bakuli lililofunikwa, jingine limelala.

"Huyu ni kobe, anatembea," alikuwa akisema. "Huyu ni kasa, anaogelea. Sheria yetu inamjua huyu wa pili. Yule wa kwanza ana sheria yake na ofisi yake, huko kwa wanyama wa nchi kavu. Mkiwachanganya, mimi sina kesi."

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na walijuana hapo hapo ofisini, siku friji kubwa la vielelezo lilipogoma. Friji hilo lilikuwa zee, likiendeshwa na mazoea ya Fundi zaidi ya vipuri. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa na mzaha mmoja asiouchoka. Mkewe akiingia tu na kuvua viatu, anamuuliza, "Leo wateja wako wamesemaje?" Naye anajibu kuwa hawajasema kitu. "Basi umewashinda wateja wangu," anasema Fundi. "Wangu wananguruma."

Sasa tusogee kwenye kesi ya kobe saba.

Askari wa doria walisimamisha boti moja kubwa ya injini mbili iliyokuwa ikirudi gatini. Juu kulikuwa na samaki na barafu. Chini ya barafu walikuwamo kasa saba, wamekufa, wamefunikwa kwa gunia. Nahodha wa boti, mtu wa miaka thelathini baharini, alisema hajui wameingiaje humo. Boti hiyo ilikuwa imeshaponyoka mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili iliokolewa na karatasi mbovu za serikali. Kwa hiyo kila mtu ofisini alilijua jambo lenyewe: karatasi zikisimama, boti inabaki imefungwa kamba gatini na nahodha anapoteza leseni, karatasi zikianguka, kesho yake wanafungua kamba na kurudi kule kule kwenye fukwe ambako kasa hupanda kutaga.

Aliyejaza hati ya ukamataji alikuwa bwana samaki mpya, aliyepanda botini pamoja na askari. Kama ilivyo kwa bwana shamba kwenye mashamba, ndivyo ilivyo kwa bwana samaki kwenye maji; ila huyu alikuwa amezaliwa mwendo wa siku mbili kwa basi kutoka baharini, na kazi yake yote ilikuwa kwenye mabwawa ya kufugia. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Aliandika: kobe saba. Kwao chochote chenye gamba mgongoni ni kobe. Somo la magamba mawili hakulipata, kwa sababu wiki aliyoripoti kazini Mama Kifungu hakuwepo. Alikuwa hospitali na mumewe.

Kasa waliwekwa kwenye friji la vielelezo. Siku ya nne friji likazima. Mtunza stoo akapiga namba ile ile aliyoizoea, na simu ikapokewa na Mama Kifungu, amekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Fundi yuko?"

"Yuko," akasema. "Lakini hawezi kuja."

Kesho yake harufu ilikuwa imepanda ngazi mpaka ghorofa ya kwanza. Hakimu akaletewa hati na picha, nahodha mwenyewe akiwa amesimama pale, akaamuru vielelezo vizikwe. Picha zilitoka kwenye mashine ya ofisi ambayo wino wake ulikuwa unakaribia kwisha: mabonge saba meusi sakafuni, yanaweza kuwa chochote. Kasa walizikwa Jumanne. Fundi alizikwa Alhamisi.

Jumatatu iliyofuata Mama Kifungu alirudi kazini. Mkuu wa ofisi alimwambia apumzike, siku zake za msiba hazijaisha. Akasema hana la kufanya nyumbani. Kusema kweli nyumbani kulikuwa na watu wengi, na kila aliyeingia alimtazama usoni akingoja machozi, kama mtu anavyotazama mawingu huku nguo ziko kambani. Machozi hayakuja. Umewahi kupigwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno? Unajua jino liko pale, unaligusa kwa ulimi, lakini ni kama la mtu mwingine. Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Alijibu salamu zote.

Siku zile alikuwa ametia saini karatasi nyingi kuliko mwaka mzima: za hospitali, za chumba cha maiti, za gari, za makaburi, za ofisi ya vizazi na vifo. Mtu anasukuma karatasi, anaweka kidole, "hapa, mama, na hapa." Jumatatu ile Dada Chapa, mchapaji wa ofisi, akampelekea mafaili kumi na moja, akamwonyesha kwa kidole vile vile pa kusaini. Faili la nane lilikuwa la ile boti. Dada Chapa alichapa hati ya mashtaka kama alivyoikuta kwenye hati ya ukamataji, bila kuongeza wala kupunguza. Mshtakiwa alikutwa na kobe saba. Chini yake, saini ya Mama Kifungu, yenye kitanzi kizuri mwishoni.

Wageni walipoondoka, nyumbani alibaki mama mkwe. Zile karatasi zote za mwanawe alizitia kwenye bahasha ya kaki, akailaza katikati ya kanga zake ili isipate mkunjo. Kusoma hakujua. Kila jioni, Mama Kifungu akivua viatu, kizee kile kilitoka na bahasha.

"Mwanangu, nisomee karatasi za mwanangu."

"Kesho, mama."

Ikawa kama salamu. Mmoja anaomba, mwingine anasema kesho, na bahasha inarudi kwenye kanga.

Kesi ikaitwa. Wakili wa utetezi alikuwa mtu mfupi, mpole, waliyemwita Bwana Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita. Alisimama, akavaa miwani, akavuta pumzi ya mtu anayekaribia kula.

"Mheshimiwa, mteja wangu anashtakiwa kukutwa na kobe saba. Nimesoma sheria ya uvuvi mwanzo mpaka mwisho, tena kwa miwani mipya. Kobe hayumo. Kobe ni wa nchi kavu, hata kwangu yuko mmoja, anamaliza mboga za mke wangu. Sasa wenzetu watuambie, kobe hawa walivuliwa kwa ndoano au kwa wavu?"

Watu wakacheka, na karani wa mahakama akainamia daftari lake. Bwana Nukta akaomba hati ifutwe, kwa kuwa haielezi kosa lolote linalojulikana na sheria iliyotajwa, na mteja wake aachiwe pamoja na boti.

Mama Kifungu alitazama karatasi. Kobe. Akatazama chini, akaona kitanzi chake. Alingoja aibu imshike, kama mtu aliyejikwaa kidole anavyongoja maumivu yanayokuja nyuma kidogo. Haikuja. Hakimu akampa mpaka Alhamisi saa tatu asubuhi aje na majibu.

Ofisini Mkuu alifunga mlango. Hakufoka. Alisema jambo ni dogo, waandike kuwa ni hitilafu ya uchapaji, mahakama zimeshazoea. Kama hiyo haitoshi, basi amweleze hakimu habari za msiba. Hakimu naye ni mtu, ana mke, ataelewa. Mlango kumbe haukufungwa vizuri. Dada Chapa alikuwa amesimama upande wa pili, akausukuma.

"Semeni ni mimi tu, dada," akasema. "Mimi nitaomba radhi yaishe."

Aliyasema hayo mikono ameikunja kifuani, na wote watatu walijua mkataba wake unaangaliwa upya kila mwaka. Mama Kifungu akaomba hati ya ukamataji, akailaza kando ya hati ya mashtaka, akapitisha kidole kwenye mistari yote miwili.

"Hukukosea," akamwambia. "Umechapa kilichoandikwa."

Kuhusu msiba, alimjibu Mkuu kwa hesabu ya kikazi tu. Akiutaja, Bwana Nukta atauliza ni nini kingine alichokitia saini wiki hiyo, na mafaili mengine kumi yako njiani kwenda mahakamani. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba alishajaribu kulitamka neno lenyewe peke yake chooni, mbele ya kioo, na halikupanda kooni.

Jumatano yote akayasoma yale mafaili kumi, rula chini ya kila mstari, kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja lilikuwa na tarehe ya siku ambayo haijafika. Jingine lilikuwa na namba ya boti ya mtu mwingine kabisa. Akaandika barua mbili za marekebisho, akazisoma mara mbili, ndipo akasaini.

Bwana samaki alikuja mchana, kofia mkononi. Alikuwa hajalala vizuri.

"Mama, nimekuharibia kesi."

Akamwambia hapana, kuandika ilikuwa kazi yake, kusoma ilikuwa kazi ya mwingine. Yule bwana akatupa jicho kwenye rafu kulikokuwa na magamba mawili, akaomba basi afundishwe leo ili kesho aseme vizuri.

"Leo sikufundishi," akasema Mama Kifungu. "Wewe ni shahidi. Kesho utasema ulichokiona, kwa jina unalolijua wewe. Ukishashuka kizimbani, njoo nikufundishe hata mpaka ofisi ifungwe."

Mkuu aliposikia hayo alishika kichwa. Shahidi wao mkubwa anakwenda kusema kobe, na wao wanamsindikiza.

Alhamisi saa tatu Mama Kifungu akasimama. Sauti yake ilikuwa ile ile anayosomea kanuni za pweza.

"Mheshimiwa, hati ina kosa. Afisa aliandika jina analolijua, mchapaji akachapa alichopewa. Kusoma ilikuwa kazi yangu, nami nilitia saini bila kusoma. Naomba kuirekebisha isomeke kasa."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Wakili, wewe wa miaka yote hii? Bila kusoma?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu akangoja aongeze neno. Nadhani alishasikia habari za Fundi, mji wenyewe si mkubwa hivyo. Lakini hakuongezewa kitu, akaokota kalamu. Bwana Nukta alipinga kwa nusu saa, kwa heshima na kwa vifungu. Mwishoni hakimu akaruhusu marekebisho, kwa vile hakuna shahidi aliyekwisha kusikilizwa, ila akatoa onyo: kuandika kasa kwenye karatasi hakutamgeuza kobe kuwa kasa. Wathibitishe. Hati ikasomwa upya, nahodha akakana upya.

Bwana samaki akapanda kizimbani, akaapa, akasema kwa sauti kubwa kuwa chini ya barafu alikuta kobe saba. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Mkuu, aliyekaa nyuma, akafumba macho.

Mama Kifungu alikuwa na swali moja. "Tuelezee miguu yao."

"Hawakuwa na miguu, mheshimiwa. Walikuwa na vitu vipana, kama makafi. Vya mbele virefu, vya nyuma vifupi."

Mama Kifungu akakaa. Bwana Nukta akainuka taratibu.

"Kwa hiyo ni kobe."

"Ni kobe."

"Una uhakika?"

"Nimewaona tangu utoto, mzee. Hawa walikuwa wakubwa tu, na ile miguu sikuielewa. Nikadhani kobe wa huku ndio walivyo."

"Kobe wa huku," akarudia Bwana Nukta, akiwageukia watu kidogo ili wasipitwe. "Na kichwa je? Kobe wako akishtuka, kichwa anakiingiza ndani ya gamba?"

"Anakiingiza."

"Hata hawa saba?"

"Kobe wote wanaingiza kichwa, mzee."

Hapo ndipo kizimba cha mshtakiwa kilipogongwa. Nahodha alikuwa amesikiliza tangu asubuhi mtu wa mabwawani akiieleza bahari yake, na uvumilivu ukamwishia.

"Aingize wapi?" akasema. "Kasa haingizi kichwa, hana pa kukiingizia. Wale wote walikuwa na vichwa nje, mimi mwenyewe ndiye niliyewafunika gunia. Serikali inatuletea mtu hajui hata..."

Ikasikika feni ya juu ikikwaruza. Bwana Nukta hakumgeukia mteja wake. Alivua miwani yake mipya, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakimu alikuwa anaandika, anaandika, na alipofika mwisho aliuliza kama nahodha angependa kurudia hayo maneno ili yasije yakaandikwa vibaya. Hakupenda.

Kisha watu wakacheka, kicheko kile cha kufungua vifungo, hata askari wa mlangoni alicheka. Bwana samaki alicheka mwisho, bila kujua vizuri ni nini alichokifanya. Mama Kifungu alikuwa akipanga karatasi zake, kona kwa kona.

Hukumu ilisomwa siku kumi na mbili baadaye, asubuhi. Hakimu alisema hakutegemea kelele za kizimbani peke yake. Yale makafi ya bwana samaki yalimtosha, na maneno ya nahodha yalikuja kuongezea tu. Akamtia hatiani. Leseni ikaondoka, boti ikabaki gatini na kamba zake. Ofisini Dada Chapa aliagiza soda, Mkuu akasimama akasema maneno marefu ya shukrani, na bwana samaki, ambaye sasa alikuwa amefundishwa, akashika yale magamba mawili na kuwafundisha wenzake kama vile alizaliwa nayo. Walimpigia makofi Mama Kifungu. Akasema asanteni. Soda ilikuwa ya baridi, hilo alilijua kwa vidole. Ladha yake hakuipata. Friji la vielelezo lilikuwa bado limezima, mlango wake umeegeshwa na kipande cha kadibodi. Fundi mwingine alikuja kulitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Akavua viatu mlangoni, akasimama kidogo pale pale, mkono mmoja ukutani. Hakuna aliyeuliza wateja wamesemaje.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kifupi uani, anakunja mapajani nguo zilizokauka. Alimtazama, akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na bahasha.

"Mwanangu, nisomee karatasi za mwanangu."

"Lete, mama."

Kizee kikasita, maana jibu hilo hakikulizoea. Mama Kifungu akavuta kigoda, akafungua mkoba wa kazini, akatoa rula. Akatoa karatasi ya juu, cheti chenyewe cha kifo, akakilaza mapajani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza.

Kwa jinsi alivyosoma, alikuwa anatafuta kitu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameona hati zikianguka kwa herufi moja, kwa tarehe, kwa jina la mnyama, na watu wakifunguliwa kamba na kwenda zao. Alisoma kwa sauti, pole pole. Jina la kwanza, herufi kwa herufi. Jina la baba. Umri. Kazi: fundi wa majokofu. Akasogeza rula. Mahali. Tarehe. Saa. Sababu, kwa neno la kidaktari, na limeandikwa sawasawa. Jina la mke. Chini kabisa ile saini yenye kitanzi, ya mtu ambaye siku ile hakusoma.

Akarudi juu, akapita tena bila sauti, rula ikishuka mstari kwa mstari. Karatasi ya pili nayo hivyo hivyo. Ya hospitali. Ya makaburi. Alipomaliza zote, aliziweka juu ya bahasha, mkono wake juu yake.

"Vipi?" akauliza mama mkwe. "Wamemwandika vizuri?"

"Wamemwandika vizuri, mama. Hakuna kosa."

Kizee kikatikisa kichwa kukubali, kikavuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana.

"Basi nisomee tena pale pa jina."

Mama Kifungu akairudisha rula juu, mstari wa kwanza, akaanza.